Dakika Ishirini na Mke wa Karani

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari minne tu, na mwandiko ni wangu. Sahihi ilikuwa ya daktari, muhuri ulikuwa wa hospitali, lakini maneno niliyachagua mimi, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu niliyejiona msomi kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Katika mstari wa tatu niliweka neno la Kifaransa, débile. Kwa Kiswahili chetu cha Kisangani ningesema mutu wa akili kidogo, na kama ningelazimika kuandika hivyo huenda mkono ungesita. Kwa Kifaransa neno lilipita bila kunigusa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani karibu na msikiti. Sisi ni wa zile familia za Kiislamu zilizobaki tangu biashara ya zamani, watu wanaopenda kukumbusha kwamba babu zao walisoma kabla Mbelgiji hajafika, na wanaowaita wengine wote watu wa msituni. Nyumbani tulifundishwa adabu, na ndani ya adabu hiyo tulifundishwa dharau, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Mimi nilisoma kwa masista. Nilifanya kazi ya uzazi miaka miwili, nikapokea watoto wengi, kisha nikahamishiwa jengo la nyuma walikolazwa wagonjwa wa akili, kwa sababu nilijua Kifaransa, Kiswahili, Lingala na Kilokele kidogo, na wagonjwa walitoka kila upande wa mto.

Mwaka wa uhuru daktari Mbelgiji wa jengo lile aliondoka asubuhi moja bila kuaga. Aliacha kabatini kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vyekundu na vyeupe vya kupangwa, kadi za picha, saa ya kuhesabu sekunde, na kijitabu cha maswali. Kilikuwa kipimo kifupi cha akili. Daktari aliyekuja baada yake alitoka nchi nyingine ya Ulaya, Kifaransa chake kilikuwa cha kuungaunga na Kiswahili hakukijua hata salamu. Alikifungua kisanduku, akanitazama, akasema, "Utapima wewe. Dakika ishirini kwa kila mtu. Mimi nitasoma na kutia sahihi."

Alinieleza pia, na hili nalikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka, kwamba kipimo kifupi kama kile ni chekecheo tu. Kinatuonyesha nani atazamwe tena kwa utulivu. Hakimwambii mtu yeye ni nani. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ulisema vivyo hivyo, na ukaongeza: usimpime mgonjwa mwenye homa, wala aliyechoka, wala aliye mbele ya mtu anayemwogopa. Ukurasa ule niliujua kwa moyo. Niliutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili pamoja na maswali yote, nikajivuna kwa kazi hiyo mbele ya wenzangu.

Karani mmoja alikuja jengoni kwetu miezi michache baadaye. Uhuru ulikuwa umempandisha cheo ghafla. Alikaa kwenye kiti cha Mbelgiji ofisini, na akahamia nyumba ya vioo upande wa mto ambako zamani tulipita kwa kibali. Shati lake lilikuwa jeupe, na alivaa tai kwenye joto lile. Nyuma yake, hatua tatu, alikuja mkewe, mwenye kanga iliyofungwa juu sana, karibu na shingo.

"Mademoiselle," akaniambia, mbele ya wauguzi wenzangu wote, "mi nakuletea bibi yangu. Kichwa yake haiko sawa. Nasema neno, hasikii. Nasema tena, ananiangalia tu. Sasa mi niko chef de bureau, mukubwa wa ofisi, wageni wanakuja nyumbani. Donc, mi nafanya nini na mutu kama huyu?"

"Imeanza lini, papa?"

"Toka zamani. Yeye ni mutu ya Opala, ya ndani kabisa."

Karani mwenyewe alizaliwa Opala, nilijua kwa jina lake, lakini alilitamka kama mahali alipowahi kusikia watu wengine wakipasimulia.

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita mademoiselle. Neno hilo lilikuwa la mabinti wa Kizungu. Niliwakaribisha chumbani wote wawili, nikamwekea mume kiti kando ya dirisha. Kwa mujibu wa ukurasa ule wa kijitabu, mume alipaswa kungoja nje. Sikumwambia atoke.

"Mama, jina lako nani?"

Mwanamke alimtazama mumewe. Mume akajibu, nami nikaandika.

Nikamwonyesha kadi ya kwanza, picha ya nyumba iliyochorwa Ulaya, yenye paa la mteremko na madirisha manne. "Hapa kunakosa nini?"

Aliitazama muda mrefu. "Batu," akasema, akimaanisha watu. "Batu haiko."

"Angalia kwenye nyumba yenyewe."

"Batu," akarudia kwa sauti ndogo zaidi.

Mumewe alicheka kwa pua. Nami nikacheka. Jibu la kijitabu lilikuwa bomba la moshi juu ya paa. Nikaandika sifuri.

Nikamwuliza kwa nini tunavaa viatu. Akatazama miguu yangu. "Wewe umevaa," akasema, "unajua." Niliona ni ufidhuli. Kwetu sote, wa msikitini na wa msituni, mtu haulizi kitu anachokijua isipokuwa anakudhihaki au anakutega, na hilo nililijua tangu utotoni, ila siku ile nilikuwa nimevaa koti jeupe. Sifuri. Nikamtajia nambari tatu, akazirudia sawasawa. Nikamwambia azirudishe kinyume. "Kinyume wapi?" akauliza, na mumewe akakohoa, na tangu kikohozi kile hakusema nambari nyingine yoyote.

Ikaja zamu ya vipande. Nilivimwaga mezani, nikabonyeza saa. Alivipanga kwa mkono mmoja wa kulia, polepole. Mkono wa kushoto ulikuwa umebana kifua chini ya kanga na hakuutoa hata kipande kilipoanguka sakafuni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilisikia harufu yake, harufu ya maziwa yaliyochacha, nikasogeza kiti changu nyuma kidogo. Nikaandika pembeni: anatumia mkono mmoja, mvivu, hajioshi.

Muda ukaisha. Nilijumlisha alama, nikatafuta kwenye jedwali la nyuma, jedwali likaniambia kwamba mbele yangu ameketi mtu mwenye akili ya mtoto wa miaka saba. Alikuwa na watoto watatu nyumbani.

Daktari alisoma ile karatasi yangu ya mistari minne akiwa amesimama. "Alikuwa na homa?"

"Hapana, daktari." Kipimajoto kilikuwa mfukoni mwangu, sikukitoa hata mara moja.

"Alikuwa peke yake nawe?"

"Ndiyo, daktari."

Akatia sahihi. Nimejaribu miaka yote kueleza kwa nini nilisema uongo mara mbili kwa pumzi moja. Sikuwa namwogopa daktari, wala karani hakuniahidi kitu. Ilikuwa inakaribia saa sita, mume alikuwa barazani anatazama saa yake, nami nilitaka kumpa karatasi yenye Kifaransa safi ili aone kwamba sisi wawili ni watu wa aina moja. Hiyo tu.

Baada ya mwezi alirudi peke yake. Alikuwa ameipeleka karatasi kwenye baraza la mila. Wazee wa baraza, ambao hawakujua neno débile ila waliuona muhuri, walikata shauri: mwanamke arudishwe kwa kaka zake Opala, watoto wabaki na baba yao. Karani aliniletea kitenge kipya, yadi sita, rangi ya kahawia na maua ya njano. Nilikipokea. Nikakipeleka kwa baba anishonee.

Baba alikikunjua mezani, akakipapasa. "Nani alikupa?"

Nikamweleza yote, hata alama. Nilidhani atafurahi kwamba binti yake anapima watu kwa saa na jedwali. Akaviringisha uzi kidoleni.

"Huyo mama, mulimuliza kama amekula?"

"Papa, ile ni kipimo ya akili, haiko ya tumbo."

"Mimi mutu akija na muzigo kichwani," akasema, "namwambia atue kwanza. Alafu ndio napima bega." Akakunja kitenge vizuri, akanirudishia. "Hii peleka kwa fundi mwingine."

Nilikipeleka. Nilivaa nguo ile sikukuu mbili.

Mwaka uliofuata msichana wa kama miaka tisa alisimama mbele yangu kwenye foleni ya kufunga vidonda, kazi niliyokuwa nikisaidia siku ile, amemshika mkono ndugu yake mdogo mwenye jipu mguuni. Nilipouliza jina la baba yao nikajua ni akina nani. Nilisafisha jipu, mtoto akalia, dada yake akamfuta machozi kwa upindo wa gauni. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua saa:

"Mama munganga, ni kweli mama yetu iko mujinga? Papa anasema wanganga waliandika."

"Daktari ndiye aliandika," nikamwambia.

"Daktari anajua mama yetu?"

"Daktari anajua vitu vingi."

Aliitikia kwa kichwa na kuondoka na ndugu yake. Niliendelea na aliyefuata kwenye foleni.

Halafu, miaka minne baada ya uhuru, yakaja maasi. Mtu ambaye hakuwepo Kisangani miezi ile hawezi kuelewa jinsi mambo yalivyogeuka: kile tulichojivunia jana kilitufanya tujifiche leo. Waasi walipoingia mjini waliwatafuta waliokalia viti vya serikali, waliovaa tai, walioandika Kifaransa. Wengi waliuawa, na sitaeleza jinsi gani. Nilificha kalamu yangu ndani ya kilemba na nikaacha kabisa kusema Kifaransa, hata na wenzangu. Daktari alikuwa ameshaondoka. Katika jengo letu walibaki wagonjwa kumi na kitu, dawa hakuna, mimi na mpishi mmoja mzee. Yule karani alitoweka wiki ya kwanza. Wengine walisema alikimbilia msituni, wengine walisema alikamatwa njiani. Sikumsikia tena mpaka leo.

Asubuhi moja ya miezi ile mke wake aliingia jengoni. Nilimtambua kwa namna alivyosimama mlangoni, hatua tatu nyuma ya mtu ambaye hakuwepo. Alikuwa amekonda, miguu imejaa vumbi, na kichwani alibeba kikapu cha makemba, ndizi za kupika. Alitembea kutoka Opala mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto wetu, akavuka kwa mtumbwi. Kwenye kila kizuizi cha waasi aliwaambia anapeleka ndizi kuuza, wakachukua chache, wakamwacha apite. Alipotea njia mara mbili, alisema, na mara moja alilala kwa watu asiowajua waliomcheka matamshi yake.

"Batoto yangu iko kwa jirani," akaniambia. "Wazima. Lakini mukuu wa mutaa anakataa kunipa. Anasema kuna karatasi, eti mimi haiko mutu ya kulea. Hiyo karatasi uliandika wewe."

Akaja mpaka mezani kwangu.

"Andika ingine."

Na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi ya pale pa kwanza, kwa sababu pa kwanza ningeweza kusema nilikuwa mchanga. Nilisimama, nikaenda kabatini, nikatoa kisanduku. "Mama," nikasema, "ili niandike ingine, lazima nikupime tena." Hata mji ukiwaka nilitaka nambari iniruhusu.

Alikitazama kisanduku. Hakukasirika. Akatua kikapu, akaketi kwenye kiti kilekile.

"Utanipima," akasema. "Leo niko muzuri. Siku ile nilikuwa mubaya."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Nilizala mutoto, akatoka amekufa. Ilikuwa siku kumi na moja. Maziwa ilikuja, hakuna wa kunyonya, titi ikawa moto kama jiwe ya jikoni. Nilishika na mukono hapa," akaubana mkono wa kushoto kifuani, "isimwagike mbele yako. Ulikuwa musafi sana. Nilisikia haya."

Nilikuwa nimefanya kazi ya uzazi miaka miwili. Nilikuwa nimewakanda kwa maji ya moto wanawake wasiohesabika waliokuwa na matiti kama yale, na harufu ile niliijua kabla sijajua kusoma jedwali lolote. Kanga iliyofungwa karibu na shingo, jasho juu ya mdomo, mkono usiotoka. Kila kitu kilikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa natazama saa.

"Bwana yako alijua?" nikauliza.

"Alijua. Alisema usiseme mambo ya nyumba kwa batu."

Nikafunga kisanduku. Nikatoa kalamu kwenye kilemba, nikachukua karatasi yenye kichwa cha hospitali, na safari hii niliandika Kiswahili kitupu: kwamba mwanamke huyu nimemwona, kwamba ni mzima, kwamba watoto watatu hawa ni wake na hakuna mwenye haki ya kumzuia, na kwamba karatasi ya zamani iliandikwa kwa makosa. Sikuandika makosa ya nani. Daktari hakuwepo, kwa hiyo nilitia sahihi yangu na muhuri. Nikamsomea kwa sauti mara mbili.

Akaikunja, akaiweka ndani ya kikapu chini ya ndizi. Kisha, akiwa ameshasimama, akauliza:

"Ile picha ya nyumba. Ilikosa nini?"

"Bomba ya moshi. Juu ya paa."

Akafikiri. "Moshi inatoka kwa bomba?"

"Kwa Wazungu, ndiyo. Kule ni baridi, wanawasha moto ndani."

"Aa," akasema. "Hukuniambia ni nyumba ya kwa Wazungu."

Aliniachia mkungu mdogo wa ndizi juu ya meza. Nilitoka naye mpaka kwa mkuu wa mtaa, nikiwa sina uhakika kama ninamsindikiza au ninajitafutia nafuu. Mkuu wa mtaa alisoma, akatazama muhuri, akatutazama sisi wawili, akaita watoto. Yule mkubwa, msichana, alimkimbilia mama yake na kuzika uso kwenye kanga. Wadogo walisita, walikuwa wamemsahau kidogo. Mama yao hakuwavuta. Alichuchumaa akangoja, na baada ya muda wakaja. Msichana alinitambua. Hakunisalimia, na sikutarajia anisalimie.

Nilisikia baadaye kutoka kwa wafanyabiashara wa mtoni kwamba walifika Opala, kwamba wanalima, na kwamba msichana alirudi shuleni mambo yalipotulia. Wafanyabiashara hao waliniambia mara mbili kwamba kuna nafasi katika mtumbwi, kama nataka kwenda kuwasalimu. Mara zote mbili nilisema nina kazi.

Wanaosikia habari hii huniuliza kama yule mama alikuwa na akili. Sijui. Kwa miguu yake alipita vizuizi ambavyo wanaume waliogopa, na pia alipotea mara mbili, na nisingependa kumfanya shujaa ili nijipunguzie uzito. Huenda alikuwa mtu wa kawaida kama mimi. Ninachojua ni kile ambacho kipimo changu kilipima siku ile: siku kumi na moja za msiba, homa, kikohozi cha mume, picha ya nyumba ya nchi ya baridi, na Kiswahili changu kilichokuwa na haraka. Akili yake ilikuwa mahali fulani chini ya hayo yote, na katika dakika ishirini sikuifikia. Sikujaribu kuifikia.

Niliendelea na kazi ile miaka mingi. Mji ulipochukuliwa tena na serikali, madaktari walirudi, wengine weupe, baadaye wetu wenyewe, na vipimo vipya vifupi zaidi ya vile vya zamani. Sikuvikataa. Vina kazi yake. Lakini niliwatoa waume nje. Niliuliza mtu amelala vipi na amekula nini, niliweka kipimajoto kwapani kabla ya kugusa saa, na nikiwa na shaka niliandika tu "aonwe tena". Kuhusu wale niliowapima kabla sijaanza kufanya hivyo sijui lolote. Daftari la miaka ile lilichanwa wakati wa vita, kurasa zake zikafungiwa karanga sokoni, na nilipoambiwa nilishusha pumzi ya nafuu. Hilo nalo ni la kuonea haya, kwa sababu mle ndani mlikuwa na majina ya watu.

Nilipozeeka waliniomba nifundishe wanafunzi wa uuguzi. Kila mwaka niliwasimulia habari ya mke wa karani, mwanzo mpaka mwisho, na mkono ule kifuani. Nilikuwa nasema, "Kulikuwa na muuguzi mmoja." Wanafunzi walitikisa vichwa kwa kumshangaa muuguzi yule, jinsi alivyoweza kuwa kipofu hivyo, na mimi, nimesimama mbele yao na chaki mkononi, nilitikisa kichwa pamoja nao.